Sauti ya Dada Maboga

Kila Jumamosi saa nane mchana, Seol-hui alipompeleka binti yao Da-on kuogelea, mumewe Gwang-sik alibaki na saa moja ya kwake. Katika wiki nzima hiyo tu ndiyo ilikuwa yake. Siku nyingine alikuwa fundi, mali ya lifti za mji wa Cheongju, ambazo hukwama zinapotaka, na jioni alikuwa mali ya vyombo, nguo za kuanika na hesabu za darasa la kwanza. Alikuwa na miaka arobaini na minne. Hakunywa, hakwenda kuvua, hakupanda milima na wenzake wa kazini. Alicheza.

Mchezo wenyewe ni wa mtandaoni. Watu watano, kila mmoja akiwa kwake, hulinda ngome moja dhidi ya watano wengine wasiowajua. Gwang-sik alibeba ngao. Kazi yake ilikuwa kusimama mbele na kupigwa ili wenzake wapate nafasi ya kupiga, na kwa sababu ngao yake ilikuwa ya duara walimwita Kifuniko. Wenzake walikuwa mwokaji mikate wa kisiwani Jeju, dereva wa basi wa Daegu, muuguzi aliyechezea kwenye simu ndani ya gari lake kabla hajaingia zamu, na mwanamke aliyejiita Uji wa Maboga. Huyo ndiye aliyewaongoza, nao walimwita Dada Maboga. Hakuna aliyewahi kumwona uso. Walichokuwa nacho ni sauti yake tu, nzito kidogo, yenye mkwaruzo, isiyopanda hata mambo yakiharibika.

"Kifuniko, unakimbilia wapi," angesema. "Huko kuna mama yako? Simama hapo upigwe kama mtu mzima."

Gwang-sik, ambaye wiki nzima aligombezwa na wenye majengo kwa makosa yasiyo yake, alifurahi sana kugombezwa namna hii.

Jumamosi moja ya Novemba, mchezo ulipokwisha, Dada Maboga aliwaambia wasiondoke.

"Nina jambo. Jumatatu, si hii, ile nyingine, napasuliwa koo. Wanatoa sanduku la sauti lote. Daktari anasema nitapona, basi nitapona. Ila kusema ndiyo mwisho."

"Mwisho kabisa?" dereva wa basi aliuliza.

"Kabisa. Sasa msianze kulia, sina subira ya kulia. Ninachotaka ni Jumamosi ijayo niwagombeze vizuri kwa mara ya mwisho. Mje wote. Kifuniko?"

"Nitakuja, Dada. Hata lifti zote za Cheongju zikwame."

"Zikikwama watu wapande ngazi," alisema. "Haya, nendeni kwa wake zenu."

Jumatano jioni Seol-hui alikata simu ya mama yake, akageuka na kitunguu cha majani bado mkononi.

"Mama anasema baridi kali inakuja, kabichi zitaganda shambani. Kimchi ya mwaka tunatengeneza Jumamosi hii, si wiki ijayo."

Gwang-sik alikuwa anafuta meza. Aliifuta mara ya pili.

"Jumamosi hii hii?"

"Mwaka jana uliitwa kazini, Baba Da-on. Mama aliongea mpaka Mwaka Mpya. Kaka Sang-ho na mkewe walibeba kila kitu, na mpaka leo akija hapa lazima ashike mgongo. Safari hii nimemwambia mama kwamba mkwe wake atakuwa wa kwanza kufika na wa mwisho kuvua glovu. Nimejisifu, sasa usiniangushe."

"Saa nane tutakuwa tumemaliza?"

"Saa nane tutakuwa katikati kabisa. Kwa nini?"

Alifungua mdomo. Angesema nini? Miaka miwili nyuma, mwokaji wa Jeju alipopata mtoto, Gwang-sik alitaka kumtumia mke wa mwenzake huyo mwani mkavu wa supu ya uzazi. Seol-hui alimwuliza jina la huyo mwokaji, na hakulijua. Alimwuliza anuani, na hakuijua. Seol-hui akacheka. Hakucheka kwa ubaya. Alicheka kama mtu anavyocheka mtoto akimwandalia chai mwanasesere. Tangu siku hiyo Gwang-sik hakuwa amewataja tena mezani watu wale wanne.

"Nauliza tu," alisema.

Shambani kwa wakwe, kule Goesan, kabichi za kimchi, achari ya kuliwa mwaka mzima, zilikuwa zimelazwa kwenye maji ya chumvi tangu Ijumaa. Asubuhi zilioshwa na kupangwa zimwage maji, na kabla ya chakula cha mchana familia nzima ilikuwa imechuchumaa kuzunguka turubai la buluu lenye kilima chekundu cha pilipili, figili, vitunguu saumu na kamba wa chumvi. Mama mkwe alikuwa amemvisha Gwang-sik kizibao chake mwenyewe cha kazi, chenye pamba ndani na maua ya zambarau nje, ili asichafue nguo. Kilimwishia juu ya kitovu.

"Kinakupendeza, shemeji," Sang-ho alisema. Sang-ho ndiye kaka mkubwa wa Seol-hui, mwenye duka la dawa mjini. "Mwaka jana kizibao hicho kilikusubiri sana."

"Mwache mkwe wangu," mama mkwe alisema, bila kuinua macho. "Amebeba vikapu vyote tangu asubuhi. Wewe umebeba nini zaidi ya simu?"

Seol-hui, aliyekuwa ng'ambo ya turubai, alimtazama mumewe akatabasamu kidogo. Tabasamu hilo lilimwuma Gwang-sik kuliko maneno ya shemeji yake. Alipaka pilipili kati ya majani, jani baada ya jani, na kila alipomaliza kabichi moja alitupia jicho saa ya ukutani kupitia mlango wazi. Baba mkwe, ambaye mgongo wake haukumruhusu kuchuchumaa, alikaa kwenye kiti cha plastiki akichochea moto chini ya sufuria ya nyama ya nguruwe, akiwaangalia wote.

Ilipokaribia saa nane, Gwang-sik alisimama.

"Naenda msalani mara moja."

Alizunguka nyuma ya nyumba hadi banda la plastiki la mboga, mahali ambapo mtandao ulishika vizuri. Alivua glovu kwa meno. Hedifoni alikuwa ameziacha garini, na kuzifuata kulimaanisha kupita mbele ya watu wote, kwa hiyo alipunguza sauti ya simu, akachuchumaa kati ya mistari ya spinachi.

"Umechelewa," Dada Maboga alisema.

"Nina kabichi, Dada. Niko kwa wakwe."

"Wanajua uko hapa?"

"Hawajui."

"Pumbavu wewe. Haya, cheza haraka urudi."

Walianza. Kwenye simu vidole vyake vinene havikuwa na adabu, lakini ngao ilisimama. Kwa dakika chache kila kitu kilikuwa kama siku zote. Mwokaji alilalamika, dereva alicheka, muuguzi alitibu majeraha bila kusema neno, na sauti ile yenye mkwaruzo ikawapanga mmoja mmoja. Gwang-sik alitamani kuisikiliza kwa makini, aiweke mahali, lakini mchezo haukumpa nafasi. Kisha jasho likamshuka, akajifuta jicho kwa kidole kilichokuwa na pilipili.

Aliumia hata akapiga magoti. Jicho moja limefumba, machozi yakimchuruzika, akaendelea kucheza.

"Kifuniko, sogea karibu yangu," simu ilisema. "Karibu zaidi. Usiniache peke yangu huku."

Hapo ndipo Sang-ho alipoinua pazia la banda. Alikuwa ametumwa kumtafuta. Alimkuta shemeji yake amepiga magoti kwenye spinachi, katika kizibao cha maua, akilia, huku sauti ya mwanamke ikimsihi asimwache.

Sang-ho hakuwa mtu mbaya, ila nafasi kama hiyo hakuwahi kuipata.

"Seol-hui," aliita kwa nguvu, "hebu njoo umwone mumeo alivyo msalani."

Wakaja wote, Seol-hui mbele na glovu zake nyekundu, mama yake nyuma yake, baba mkwe akijikokota mwisho. Mke wa Sang-ho alibaki mlangoni na Da-on. Gwang-sik alisimama. Mkononi mwake shujaa wake alikuwa amesimama pia, hana wa kumwongoza, anapigwa.

"Nani huyo?" Seol-hui aliuliza. Aliuliza polepole, na uso ulikuwa umemwisha rangi.

"Ni mchezo," Gwang-sik alisema.

"Sijauliza ni nini. Nimeuliza ni nani."

"Nilijua tu," alisema Sang-ho. "Kabichi zote zile, mtu anakuja kucheza na simu. Mzee wa watu mgongo umekufa, yeye..."

"Kifuniko, umekufa huko?" simu iliuliza.

Gwang-sik alijifuta uso kwa pindo la kizibao. Aliposema, alimtazama mkewe peke yake.

"Ni kiongozi wetu. Sijui jina lake. Keshokutwa anapasuliwa koo, hatasema tena maisha yake yote. Alituomba tuje leo atugombeze kwa mara ya mwisho, nami nikaahidi kabla mama hajabadilisha siku. Basi."

Kwenye simu ngome ilianguka, na muziki wa kushindwa ukalia kidogo, mwembamba, ndani ya banda lile.

Mama mkwe ndiye aliyesogea. Aliinama juu ya simu kama mtu anayeongea na kisima.

"Wewe mama. Unanisikia?"

Sauti ikajibu, kwa adabu ambayo Gwang-sik hakuwahi kuisikia kutoka kwake. "Nakusikia. Nani mwenzangu?"

"Mimi ni mama mkwe wa huyu mnayemwita kifuniko."

"Nisamehe sana. Nimekuibia mfanyakazi siku ya kazi."

"Kazi haikimbii. Kimchi ya mwaka huu umeshatengeneza?"

"Sijatengeneza. Nitaila kwa koo lipi?"

"Koo litapona. Wewe huwa unatia nini, kamba au dagaa?"

"Dagaa. Mimi mtu wa Gunsan."

"Dagaa wanaifanya iwe nyeusi."

"Na kamba wanaifanya iwe maji ya kunawia."

Baba mkwe alicheka, jambo ambalo halikuwa kawaida yake. Mama mkwe alichuchumaa pale pale kwenye spinachi, akamwambia Gwang-sik ashike simu vizuri, asiitikise. Yakaanza maneno ya chumvi: kabichi ilale usiku mzima au nusu usiku, peasi isagwe ndani au isiwekwe kabisa. Dada Maboga alisema wa milimani hawajui chumvi kwa sababu hawajawahi kuiona bahari. Mama mkwe alisema wa pwani wanatia chumvi kila kitu kwa sababu hawana kingine.

"Mama yangu anatia vyote, kamba na dagaa," mwokaji wa Jeju alisema kwa woga.

"Nyamaza wewe," wanawake wawili walisema pamoja.

Muuguzi alisikika akicheka, kisha ikawa vigumu kujua kama bado ni kicheko. Sang-ho alikuwa ametoka kimya kimya. Alirudi kwenye turubai, akavaa glovu, akachukua kabichi. Seol-hui alibaki amesimama, mikono yake miwili myekundu ikiwa mbali na mwili, akisikiliza.

"Sema hospitali utakayolazwa," mama mkwe alisema mwishoni. "Kesho mkwe atakuletea chombo kimoja. Usikiguse sasa. Weka kwenye baridi, iive taratibu. Siku utakayoweza kumeza itakuwa tayari."

Aliitaja hospitali, ya kwao Gunsan.

"Asante, mdogo wangu," Dada Maboga alisema.

"Una miaka mingapi?"

"Hamsini na minane."

"Basi mdogo ni wewe."

"Asante, dada," sauti ilisema tena, safari hii ikiwa chini. "Kifuniko, rudi kwenye kabichi. Na wengine nendeni. Nimefurahi. Nimesema nendeni."

Mchana ule Seol-hui hakumsemesha mumewe neno zaidi ya "shika" na "weka". Jioni, garini, Da-on akiwa amelala kiti cha nyuma kati ya vyombo vya kimchi, ndipo alipoanza.

"Sikukasirikia mchezo."

"Najua."

"Hujui. Nilidhani una mwanamke. Nilisimama pale mbele ya kaka yangu nikadhani hivyo. Halafu mama yangu, asiyewajua hata kidogo, akauliza swali moja la dagaa akajua mtu anatoka wapi. Mimi nimelala na wewe miaka kumi na moja, na mtu wako anapoteza sauti, unakwenda kulia kwenye spinachi."

"Ile ilikuwa pilipili."

"Usinichekeshe, bado nina hasira."

Gwang-sik alilipita lori lililobeba kabichi.

"Uliwahi kucheka," alisema Gwang-sik. "Siku ya mwani."

Seol-hui alifikiri. Ilimchukua muda kuikumbuka siku ambayo mumewe hakuwahi kuisahau.

"Nilicheka," alikubali. "Ungegomba, mbona hukugomba? Unakubali kila kitu, unafuta meza, mimi najuaje kuna kitu kimeumia." Alimgeukia. "Haya, niambie sasa. Huyo mwokaji, mtoto wake alikuwa wa kiume au wa kike?"

"Wa kike. Sasa anatembea. Ameanguka juzi akang'oka jino."

"Na jina la baba?"

"Bado silijui."

Seol-hui alicheka, na mara hii Gwang-sik alicheka naye, taratibu, wasimwamshe mtoto. Njia nzima mpaka Cheongju alimsimulia: muuguzi na gari lake, dereva ambaye mkewe alimkimbia na kumrudia, Dada Maboga aliyewahi kusimamisha mchezo mzima kumfundisha kijana asiyemjua jinsi ya kumwomba bosi likizo. Seol-hui aliuliza maswali mengi. Baadhi Gwang-sik hakuweza kuyajibu, akaona aibu kidogo, akaahidi kuuliza.

Jumapili walikwenda Gunsan wote watatu. Wageni hawakuruhusiwa wodini, kwa hiyo dada wa mgonjwa alishuka hadi mlangoni kukipokea chombo. Alimtazama Gwang-sik kuanzia viatu mpaka nywele.

"Wewe ndiye unayesimama mbele?" alisema. "Alivyokuwa akisimulia, nilidhani una mwili."

Upasuaji ulikwenda salama. Mwezi wa Desemba wote, na Januari, wale wanne walicheza bila kiongozi na kushindwa kila Jumamosi. Mwokaji alijaribu kuongoza, lakini aliomba radhi kabla ya kila amri. Waliendelea kwa sababu hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuacha.

Mwishoni mwa Februari, jina la Uji wa Maboga liliwaka kwenye kioo. Wote walisema kwa pamoja, hawakusikilizana. Chini ya kioo yakaja maandishi: Acheni kelele. Twende.

Haikwenda vizuri. Mikono yake ilikuwa ileile, hodari, lakini amri zilikuja kwa maandishi madogo pembeni, na mtu anayepigwa hana jicho la kusomea. Gwang-sik alikufa, akafufuka, akafa tena. Dereva alikwenda kulia wakati wote walitakiwa kushoto. Baada ya kushindwa mara mbili, maandishi yalikaa muda mrefu bila kuja, kisha yakasema: Labda tuishie hapa.

Bwawa la kuogelea lilikuwa limefungwa kwa matengenezo siku hiyo, na Seol-hui alikuwa nyumbani. Alikuwa akipita nyuma ya kiti cha mumewe na kikapu cha nguo zilizokauka. Akasimama akayasoma maneno yale.

"Mwambie hapana," alisema.

"Hatuwezi kusoma na kupigana, Mama Da-on. Hakuna anayeweza."

"Mimi sipigani."

Aliweka kikapu chini, akakaa juu ya nguo. Kinasa sauti cha hedifoni kilikuwa kimeyachukua yote.

"Nani huyo?" muuguzi aliuliza.

"Mke wangu," alisema Gwang-sik.

Walianza tena. Maandishi yalipokuja, Seol-hui aliyasoma kwa sauti ndogo, karibu na bega la mumewe. "Anasema kushoto. Anasema dereva angoje. Anasema mwokaji arudi nyuma, mtu yuko kwenye majani." Watu walisogea. Ngao ilifika mahali pake kwa wakati. Kwa mara ya kwanza tangu Novemba, ngome ilikuwa bado imesimama.

"Anasema," Seol-hui alisoma, "huyu msomaji anasoma kama anaogopa kuwaamsha majirani. Mwambieni agombeze." Alikuwa amefika mwisho wa sentensi ndipo akatambua kuwa msomaji ni yeye.

Alikohoa kidogo. Alikivuta kikapu karibu na meza.

"Baba Da-on," alisema, kwa sauti ambayo Gwang-sik aliijua vizuri sana kutoka jikoni, "umesimama hapo unasubiri ualikwe?"

Da-on alitoka chumbani kuona kuna nini.

"Hilo limeandikwa?" muuguzi aliuliza.

"Hapana," alisema Seol-hui. "Hilo langu."

Maandishi yakaja chini ya kioo, mafupi, naye akayasoma pia.

"Anasema, huyo abaki."